Vijiti Vyekundu vya Mwaka wa Sita

Kilio cha Mwalimu Balagizi kilifanyika barabarani, kwa sababu mwenye nyumba alikataza viti kuingia katika uwanja wake. Nilipofika Bagira mchana ule, nikiwa na mkate ndani ya mfuko mweusi, nilikuta shitingi la buluu, turubai la plastiki, limefungwa kati ya ukuta wa jirani na nguzo ya umeme, na pikipiki zinapita pembeni polepole, madereva wakipunguza moto kwa heshima. Sanduku lilikuwa ndani, katika chumba cha mbele. Kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo, watu waliingia wachache wachache, wakatoka, wakaketi, wakapewa chai. Nilikaa nyuma. Mimi hukaa nyuma kila mahali. Wanawake wawili waliokuwa wakimimina chai walinong'ona juu ya birika, na kwa kuwa mtu asiyesema husahauliwa upesi, walinong'ona mbele yangu bila wasiwasi.

“Njo ule mwalimu alitakaka kuuzisha shule?” mmoja aliuliza.

“Njo yeye.”

“Na amekufia mu nyumba ya kupanga?”

“Atakuwa alikula yote,” yule mwingine alisema, akaniwekea sukari bila kuniuliza.

Nilikunywa ile chai, na nilipokuwa nikiinywa nilitambua kwamba swali lao lilikuwa langu pia. Nina miaka ishirini na minne sasa. Ninasuka nywele karibu na soko la Nyawera, na kazi hiyo imenizoeza kusikia maneno ya watu huku vidole vikiendelea. Masomo yangu yaliishia mwaka wa sita wa msingi. Watu wengine wakikumbuka shule wana miaka mingi ya kuchagua. Mimi nina ule mmoja unaorudi kila mara, mwaka wa Mwalimu Balagizi, na ninapoukumbuka siku zote namtazama yeye kwa jicho la pembeni, kama tulivyomtazama wakati ule. Siandiki upesi. Sentensi moja inaweza kunishika tangu mteja anapoondoka hadi mwingine anapoketi. Lakini nimetaka kuuandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa, pamoja na jambo moja nililolisikia nikiwa mtoto na ambalo, hadi siku ya kilio, sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Shule yetu ilikuwa ya matofali mekundu, ya wakati wa Wabelgiji, juu ya mteremko unaoshuka kuelekea ziwa. Wazee walisema kwamba zamani wanafunzi walilala pale pale, na chumba chetu cha mwaka wa sita kilikuwa ndicho chumba chao cha kulia. Ilionekana kweli. Sakafu ilikuwa na vigae vya rangi mbili, vyeusi na vyeupe, vingine vimetoka, na katika ukuta wa nyuma kulikuwa na tundu la mraba ambalo chakula kilipitishiwa kutoka jikoni. Jiko lilikuwa limegeuzwa ofisi ya Direkta, mkuu wa shule. Tundu lilikuwa limezibwa kwa ubao mwembamba, na ubao ule haukuzuia kitu. Ukikaa benchi la nyuma, kama nilivyokaa mimi, ulisikia Direkta akikohoa, akimwaga chai, akimkaripia mlinzi. Dari ilikuwa na masizi. Wakati wa vita watu walikuwa wamekimbilia mle na kupikia ndani, na vifuniko vya madawati ndivyo vilivyokuwa kuni zao. Maman mmoja aliyeuza mandazi kwenye geti alikuwa akituonyesha mlango wa darasa la tatu na kusema kwamba mwanawe wa kwanza alizaliwa nyuma ya mlango ule, usiku wa risasi. Hatukujua kama ni kweli. Tulinunua mandazi yake na tukaamini nusu.

Chini ya madarasa kulikuwa na uwanja wa mpira, na chini ya uwanja bustani ambako mwaka wa sita walilima mchicha wa lenga-lenga na maharage, na chini ya bustani uzio wa miti ya miyenzi, kisha mteremko mkali hadi majini. Mahali kama pale, Bukavu, panaonekana na wenye pesa. Kila mtu mjini alikuwa na hadithi ya kiwanja kilichopotea: uwanja wa zahanati, njia ya maji, bustani ya wazee fulani. Asubuhi unakuta mchanga na mawe yamemwagwa, baada ya siku chache ukuta, na ukiuliza unaonyeshwa karatasi yenye muhuri. Kwa hiyo watu walikuwa wamejifunza kuogopa kamba. Maman, yaani mama yangu, akimwona mtu barabarani ameshika kamba ya kupimia, alisimama, akatua beseni, akamsindikiza kwa macho mpaka apotee.

Mwalimu Balagizi hakuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa mwembamba, na koti moja la kijivu lililong'aa kwenye viwiko, na sauti ya chini ambayo ilitulazimisha kunyamaza ili tuisikie. Kitu kimoja hakukivumilia: kukariri. Ule ulikuwa mwaka wa mtihani wa taifa, na walimu wengine walitufanya tuimbe majibu kama nyimbo za kanisa. Yeye alitusikiliza tukiimba kwamba are moja ni mita mia za mraba, akatikisa kichwa.

“Sawa. Na hiyo are iko wapi?” aliuliza. “Munionyeshe.”

Murhula, mvulana aliyekaa mbele yangu na ambaye hakuweza kukaa na mzaha mdomoni, akainua mkono. “Iko mu kitabu, Mwalimu.”

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka. “Basi Jumamosi tutaitoa mu kitabu,” alisema.

Alichagua Jumamosi kwa sababu siku nyingine uwanja haukuwa wetu. Asubuhi ulijaa wadogo, na mchana iliingia zamu ya pili. Jumamosi mlango wa shule ulikuwa nusu wazi, mlinzi amelala, na sisi peke yetu. Ninaandika jambo hili kwa makusudi, maana baadaye watu waliuliza sana: kwa nini Jumamosi, kwa nini wakati hakuna mtu. Mwalimu alikuja na kamba ya katani aliyoifunga mafundo mwenyewe, fundo kwa kila mita, na fungu la vijiti vya mikaratusi vilivyochongwa ncha. Vichwa vya vijiti alikuwa amevichovya katika rangi nyekundu iliyobaki walipopaka mlango wa ofisi. Tulipomwuliza, alisema ni ili tuvione ndani ya majani. Kweli tuliviona. Na watu waliopita barabara ya juu waliviona pia, na wao walijua rangi nyekundu inamaanisha nini mjini kwetu: ni rangi inayopakwa ukutani mwa nyumba itakayobomolewa, na kwenye mawe ya mpaka wa mtu aliyenunua.

Ile ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopata shuleni. Nilishika mwisho wa kamba. Mimi, niliyekuwa nikiitwa ubaoni nikakauka kama fito, nilisimama na kamba mkononi na Mwalimu akaniambia, “Vuta, usiogope, haitakatika,” nikavuta. Tulipiga kijiti katika kila pembe, tukaingia wote ndani ya mraba wa kwanza, tukasimama tumebanana ndani ya are moja na bado nafasi ikabaki. Kisha tukaendelea na nyingine, na nyingine, kupitia bustani hadi kwenye miyenzi. Tulikula mahindi ya kuchoma na avoka kwenye ngazi, mikono ikiwa na rangi. Maman mmoja mwenye beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, kichwani alisimama barabarani akatuita.

“Batoto, muko napima nini?”

“Shule, maman,” Murhula akamjibu. “Tutaikata kama keki. Weye unataka upande gani?”

Tulicheka tukaanguka. Yule maman hakucheka. Alitazama vijiti, akatazama Mwalimu, akaondoka haraka kidogo kuliko alivyokuja.

Tulipotawanyika nilikumbuka bidoni langu. Kila mtoto alikuja na bidoni la maji kwa ajili ya usafi, na langu lilikuwa limebaki nyuma ya vyoo. Nilirudi peke yangu. Nilipokuwa nimeinama pale nilisikia sauti ya Mwalimu upande wa bustani, nikachungulia. Alisimama karibu na miyenzi na mwanamume nisiyemjua, mtu wa viatu vya ngozi, ambaye alikuwa akigusa kijiti kimoja kwa ncha ya kiatu kama mtu anayejaribu uimara wake. Upepo ulitoka ziwani na kuleta maneno vipande vipande. Yule mtu aliuliza kitu kilichoishia na “mpaka chini?” Na Mwalimu akajibu, nikasikia vizuri kabisa, “Mpaka chini kabisa.” Kisha Mwalimu akacheka. Nilichukua bidoni na kuondoka bila kuaga.

Jumatatu ilitusubiri. Keki ya Murhula ilikuwa imezunguka mji mzima kabla yetu, na ilipotufikia haikuwa tena mzaha wa mtoto. Jioni ile tulikula bugali na sambaza kwa lenga-lenga, na jirani alikuwa amekuja kuomba chumvi akasahau kurudi.

“Banasema ekole imekatwa bipande bipande,” jirani alisema. “Mwalimu njo alikuwa anapimisha, na batoto bamushikie kamba.”

Maman alinigeukia. “Weye ulikuwa pale?”

“Ndiyo, maman. Ni somo.”

“Somo ya nini?”

“Ya are.”

Maman alikata tonge, akalishika bila kulila. “Mutu hapimaki udongo bure,” alisema, lakini hakuniambia mimi. Alimwambia jirani, na jirani akakubali kwa kichwa, na chumvi ikamwagika kidogo mezani bila mtu kuifuta.

Tangu siku ile tulianza kumchunguza Mwalimu wetu. Ninasema tulianza, maana sikuwa peke yangu, ila mimi nilikuwa na sababu ambayo wengine hawakuwa nayo. Tulitazama viatu vyake. Wiki ile ile alikuja na viatu vingine, vya mtumba, vimepigwa rangi vizuri, na darasa zima liliviona kabla hajafika mezani. Tulitazama chakula chake. Kwa kawaida mchana alikula ndizi ya kuchemsha na chai isiyo na maziwa. Siku moja alitoa yai ndani ya karatasi, akalimenya polepole juu ya meza yake, na kimya kilichokuwa darasani kilimfanya ainue macho. “Munataka?” aliuliza. Tuliinamia madaftari yetu. Kwenye geti watoto wa mwaka wa tano walituita watu wa parcelle, yaani wauza viwanja. Ndani, wenyewe kwa wenyewe, tulishukiana. Msichana mmoja aliyekuja na kalamu mpya aliulizwa nani kampa, mpaka akalia. Murhula hakufanya tena mzaha. Alikuwa na hofu, na mimi nilimtazama nikafikiri: huyu anajua kitu. Naye, nimekuja kujua, alikuwa akinitazama mimi na kufikiri vivyo hivyo.

Kupitia ubao wa tundu tulimsikia Papa Prezida. Ndivyo tulivyomwita baba aliyeongoza komite ya wazazi, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kusikika sokoni. Alimwambia Direkta kwamba wazazi hawatalala. Direkta alisema atauliza. Papa Prezida alisema kuuliza ni kazi ya watu wenye wakati. Siku iliyofuata alikuja na wanaume wengine wanne au watano, wakashuka bustanini mbele ya macho yetu, wakang'oa vijiti. Papa Prezida mwenyewe alitembea mbele, kutoka kimoja hadi kingine, akisimama kwenye kila shimo na kutazama kushoto na kulia. Vijiti vilichomwa karibu na jiko la zamani. Rangi ilitoa moshi mweusi wenye harufu mbaya uliotuingia darasani, na Mwalimu alifunga madirisha akaendelea na somo la historia.

Kisha wazazi waliitwa. Mkutano ulifanyika katika chumba chetu, na ninawaona bado wale watu wazima wamekaa kwenye mabenchi yetu, magoti yamefika kifuani, kofia mapajani. Mwalimu alisimama karibu na ubao kwa koti lake la kijivu. Aliposema kwamba lile lilikuwa somo, na kwamba liko katika programu, Papa Prezida aliuliza, “Programu ya nani?” na watu wakacheka kicheko kile kisichofurahi. Murhula aliitwa kwanza. Aliulizwa juu ya keki, akajibu kwamba ilikuwa mchezo, akaambiwa nyamaza, hapa hakuna mchezo. Ndipo Direkta, labda kwa nia njema, akasema wamwite mtoto ambaye hasemi ovyo. Akaniita mimi.

Nilisimama. Vigae vilikuwa baridi chini ya sandali zangu. Maman alikuwa benchi la tatu na hakunitazama.

“Jumamosi mulifanya nini?” Direkta aliuliza.

“Tulipima.”

“Mulipima nini?”

“Uwanja. Na bustani.”

“Nani aliwaambia mupime?”

“Mwalimu.”

“Mulipima mpaka wapi?”

“Mpaka chini, kwa miyenzi.”

“Na kamba ilikuwa ya nani?”

“Ya Mwalimu.”

Papa Prezida aligeukia watu, mikono wazi. “Mumesikia? Huyu mutoto hajui uongo.”

Na kweli sikuwa nimesema uongo. Kila jibu lilikuwa sawa. Nilisubiri swali jingine, swali la kwa nini, kwa sababu hilo nilikuwa nimeliandaa: ningesema juu ya are, juu ya kitabu, juu ya sisi wote kubanana ndani ya mraba. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Nilitazama upande wa Mwalimu, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira. Alinipa ishara ndogo ya kichwa, kama mtu anayempa mwanafunzi alama nzuri. Nimeitafakari ishara ile miaka yote. Kuna siku nilisema: hivi ndivyo anavyofanya mtu asiye na hatia. Na kuna siku nilisema: hivi ndivyo anavyofanya mtu aliyefurahi kwamba mtoto hakuulizwa juu ya mwanamume wa viatu vya ngozi.

Walimhamisha. Haikuitwa adhabu, alipelekwa shule moja ya upande wa Kalehe, na Direkta mwenyewe akaja kutufundisha, yaani alikuja kutuimbisha. Mwalimu aliondoka siku ya katikati ya wiki bila kutuaga darasani. Tulimwona tu kupitia dirisha akivuka uwanja na mfuko wake, na alipofika mahali tulipokuwa tumepiga kijiti cha kwanza alipaepuka, akapita pembeni, kama mtu anayeogopa kuonekana amesimama pale. Mtihani tuliufanya. Nilifaulu. Katika mtihani mlikuwa na swali la shamba, lenye urefu na upana, na karibu darasa letu lote lililipata, na Direkta alisifiwa kwa hilo.

Baada ya likizo ukuta ulijengwa. Nilikuwa tayari nimeacha shule, lakini nilipita barabara ya juu kila siku na niliuona ukipanda, tofali kwa tofali, ukikata bustani yote na kipande cha uwanja. Komite ya wazazi haikuitisha mkutano. Watu walisimama barabarani, wakaonyesha kwa kidole, wakasema: si mnaona, unapita pale pale kwenye vijiti vya Balagizi. Ni kweli, ulipita pale pale. Niliujua mstari ule, nilikuwa nimeshika kamba yake. Lakini vijiti vilikuwa vimeng'olewa na kuchomwa miezi kadhaa kabla, mashimo yamefunikwa na mvua. Waliokumbuka mstari ulipopita walikuwa sisi watoto, na Mwalimu aliyekuwa Kalehe, na wale wanaume walioving'oa, hasa yule aliyesimama kwenye kila shimo akitazama kushoto na kulia. Leo pale kuna nyumba ya ghorofa yenye vioo vya buluu. Papa Prezida alifariki zamani, na sitaki kumsema vibaya mtu asiyeweza kujibu. Na kila nilipofika karibu na kumshuku yeye, upepo wa ziwani ulinirudishia sauti nyingine, “mpaka chini kabisa,” na kile kicheko, nikarudi kumshuku Mwalimu.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani pale kwenye shitingi, na chai yangu. Zamu yangu ya kuingia ilipofika nilivua sandali. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja kilichosimamishwa ukutani ili kupisha sanduku, jiko la makaa, na nguo zimening'inia kwenye kamba. Hakukuwa na kitu kingine. Nilikitazama chumba kile kama mpelelezi, nakiri. Nilitafuta kitu chochote ambacho shule iliyouzwa ingeweza kununua. Mke wake alikaa kwenye mkeka. Alinishika mkono asiachie.

“Weye uko nani, mwanangu?”

“Nilisoma kwake, maman. Mwaka wa sita.”

“Mwaka wa vile vijiti.”

“Ndiyo, maman.”

“Ule mwaka ulimukula mpaka leo,” alisema. “Kila mara alikuwa ananirudilia ileile. Ile Jumamosi, batoto balipoenda, kuna mutu alikuja kumuuliza kama banauzisha, na kama inafika mpaka chini. Yeye akamuambia, hii yote iko ya batoto, mpaka chini kabisa. Na akacheka. Alikuwa ananiambia: Maman Espérance, ule mutu alifikiri mimi niko na kitu ya kuuzisha.”

Jambo la kwanza lililonijia lilikuwa shaka, kwa sababu ndiyo tabia niliyoipata mwaka ule. Nilifikiri: mjane atasema nini kingine? Kila mtu hulinda wake. Kisha nikabaki na mkono wangu ndani ya wake, nikayarudia maneno yake kichwani. Yale maneno nilikuwa nimeyasikia mimi peke yangu, nyuma ya vyoo, na bidoni mkononi. Sikumwambia maman. Sikumwambia Murhula. Katika mkutano sikuulizwa. Hakuna mtu duniani angeweza kumpa mwanamke huyu maneno yale ayaseme kwangu, isipokuwa yule aliyeyatamka. Yalikuwa mazima sasa, na mwanzo wake, na kicheko mahali pake. Nilitaka kumwambia, “Maman, niliyasikia,” lakini watu walikuwa wakisubiri mlangoni. Nikatoka.

Nje, msemaji wa familia alikuwa amechukua kipaza sauti na anauliza kama kuna mwanafunzi wa marehemu atakayesema neno. Murhula, ambaye siku hizi anaendesha pikipiki, alikuwa ameegemea yake pembeni ya shitingi. Alinikaribia.

“Simama weye,” alisema chini chini. “Weye njo ulisema siku ile.”

“Simama weye, njo unajuaka kusema.”

“Mimi nikisema, batu batacheka. Weye bataamini.”

Nilisimama. Sikumbuki nilivyofika kwenye kipaza sauti. Nakumbuka kilikuwa na joto la mikono ya watu. Nilisema jina langu. Nilisema kwamba Mwalimu Balagizi hakupima ili auze, kwamba alitaka tuone kwa macho kitu tulichokuwa tunakiimba. Nilieleza kamba, na rangi, na kwa nini Jumamosi. Nilisema juu ya mwanamume wa viatu, nilichokisikia mimi na alichonisimulia mke wake ndani, mbele ya sanduku. Nilisema polepole, kama ninavyoandika, na palipotaka kunishinda nilisimama na kuanza tena. Nilipomaliza msemaji alisema asante, kwaya ikaanza wimbo, na wanawake wa chai walinitazama na birika imesimama hewani.

Niliporudi kwenye kiti changu, mzee mmoja wa mstari wa mbele yangu aligeuka. Alikuwa na kofia ya sufu na macho ya upole.

“Umesema muzuri, mwanangu,” alisema. “Nani alikufundisha kusema hivi?”

“Yeye mwenyewe,” nilijibu, nikaonyesha mlango wa chumba.

Mzee alitikisa kichwa, taratibu, akamwinamia jirani yake. “Umesikia?” alimwambia. “Alimufundisha.”

Nilielewa mara moja. Nilikuwa nimejibu sawa tena, na jibu langu lilikuwa limekwenda kukaa upande wa pili, kama ushahidi kwamba marehemu alinipangia maneno. Zamani ningetazama vidole vyangu. Safari hii nilikiinua kiti changu, nikauzunguka mstari wao, nikakiweka mbele ya wale wazee wawili mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

“Tata,” nilimwambia, “bado haujaniuliza kwa nini.”

Alinitazama, akavua kofia, akaiweka kwenye paja. “Sawa,” alisema. “Kwa nini?”

Kwaya ilikuwa bado inaimba, kwa hiyo niliwasogelea zaidi ili wasikie, nikaanza tangu mwanzo.